Mgeni Njoo, Viatu Nje

Kijapani changu chote nimefundishwa na Probox. Ni gari la mtumba, kama yalivyo mengi Mombasa, na kila asubuhi nikilitia ufunguo, mwanamke mwenye sauti laini aliyejificha nyuma ya redio hunisalimu: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Kwa miaka nilidhani ni dua ya safari, nami nikawa namwitikia amina. Kisha mpwa wangu, anayesomea uhandisi wa mitambo Fukuoka, akaja likizo, akapanda gari lile, akacheka hadi akashika mbavu. Bibi yule, alinieleza, hana dua yoyote. Analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa mahali pake. Barabara yenyewe iko Japani. Gari limeshushwa Kilindini, limesajiliwa, limebeba mikungu ya ndizi na maharusi wa watu, na yeye hajaambiwa bado kwamba wamehama.

Nimestaafu kazi ya kutoa mizigo bandarini, na mtu wa kazi ile ana ugonjwa mmoja: huamini anaijua kila nchi ambayo shehena yake imepita mikononi mwake. Kwa hiyo dada yangu aliponiomba niende Fukuoka nikamtazame mtoto, kama anakula na kama hajaoa kisirisiri, sikubisha sana. Nilimkuta amenenepa na hajaoa. Kazi ya dada ikaisha kabla sijafungua begi.

"Sasa, Mjomba, ungependa kuona nini?"

"Bandari."

"Kubwa au ya zamani?"

"Ya zamani. Kubwa naijua, hata usingizini naisikia."

Ndivyo tulivyokwenda Hirado.

Hirado ni kisiwa cha mkoa wa Nagasaki, upande wa magharibi ambako Japani inachoka na kuiachia bahari. Leo ni mji wa wavuvi, wastaafu na watalii wasio na haraka. Lakini kwa miaka tisini hivi palikuwa mlangoni pa nchi. Wareno walitia nanga hapo mwaka 1550, Waholanzi wakafungua nyumba ya biashara 1609, Waingereza wakafuata 1613. Wote walikaribishwa na ukoo wa Matsura, watawala wa kisiwa, ambao walikuwa na hamu kubwa ya mali ya ng'ambo. Na wote waliondoka, kila mmoja na fedheha yake.

Kutoka Imari tulipanda treni ya behewa moja. Haina kondakta. Kwa mtu aliyelelewa na makanga wanaoning'inia mlangoni wakipiga ubavu wa matatu, ukimya ule unatisha. Unaingia kwa mlango wa nyuma, mashine inakutolea kijikaratasi chenye nambari ya kituo ulichopandia. Ukishuka, unatazama ubao ulio juu ya dereva, unaitafuta nambari yako, na nauli iliyoandikwa hapo ndiyo unayotumbukiza kwenye kisanduku. Hakuna kupatana. Hakuna "mtoto nitampakata". Mvua ilikuwa inanyesha, shati langu limelowa, na kijikaratasi kilikuwa ndani ya mfuko wa shati. Tulipofika Tabira-Hiradoguchi, steshini yenye jiwe la kujivunia kwamba ndiyo ya magharibi kuliko zote (na ilikuwa kweli, mpaka Okinawa ilipopata reli yake mwaka 2003), nambari yangu ilikuwa imegeuka uji.

Dereva akautazama ule uji kiganjani mwangu. Akainama. Mpwa wangu akainama. Nami nikainama, kwa kuwa sikuona la kufanya jingine, na begi likaniteleza begani likampiga mtoto wa shule aliyekuwa nyuma yangu, naye akainama. Treni nzima ilisimama ikitungoja tumalize kuinamiana. Mwishowe mpwa alilipa nauli ya kutoka mwanzo wa njia, akaniambia tukiwa nje kwamba kwa Kijapani aliomba radhi kwa niaba yangu, ya familia, na, kama alivyokumbuka sawasawa, ya mashine.

Basi la kuingia kisiwani linapita juu ya daraja jekundu lililofunguliwa 1977. Mandhari ni mazuri. Nilikuwa nakamua soksi.

Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa ya mbao, ya zamani, ya mama mmoja mzee mwenye upole wa kutia hofu. Kuvua viatu mlangoni hakunishtui. Kwetu pia nani ataingia na viatu sebuleni mwa mtu? Shida ni kwamba kwetu ukishavua umemaliza, ilhali pale ndio unaanza. Kuna ndara za kutembelea ukumbini. Ukifika kwenye mikeka unazivua. Ukienda msalani unazikuta nyingine, ambazo zina mipaka yake na hazina ruhusa ya kuonekana kwingineko. Mimi navaa nambari 46. Ndara za nyumba ile zilitengenezwa kwa watu wenye miguu ya kawaida, kwa hiyo vidole vyangu vilikuwa wageni ndani na visigino vilikuwa bado vinatembea barazani. Nikishuka ngazi asubuhi, ndara ya kushoto ilinitoka ikatangulia, ikateremka ngazi baada ya ngazi kwa makelele, ikafika mapokezi kabla yangu. Mama mwenye nyumba akaiinamia kwanza ile ndara. Kisha akanyanyua macho kunitafuta mwenyewe. Nilikuwa nimesimama juu, nimeshika paji la uso, kwa sababu mhimili wa mlango ulikuwa umekwisha kunipa salamu zake.

Makumbusho tuliyoyaendea ni ghala. Ni jengo jeupe, refu, la ghorofa, lililokaa kando ya maji likingoja meli iliyochelewa. Waholanzi walijenga la kwanza papo hapo mwaka 1639. Hili la leo limejengwa upya kufuata lile na kufunguliwa 2011. Mstaafu wa bandari akiingia ghalani hatazami picha. Hutazama dari, unene wa nguzo, upana wa mlango, na hukadiria magunia. Nilikadiria, nikaridhika. Waliojenga walijua mzigo ni nini.

Mzee mmoja wa kujitolea, mwenye beji kifuani na faili nene la picha kwapani, alituona akang'aa. Siku ile ya mvua nadhani tulikuwa wageni wake wa pekee, naye alikuwa amejiandaa kwa basi zima.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu mkalimani wangu. Kijapani cha mpwa wangu ni kizuri sana mkiwa karibu na mashine. Anajua kusema giaboksi, msuguano, mafuta ya kulainisha, na hatari usiweke mkono. Lakini maaskofu, mabwana na hariri havimo kwenye mtaala wake. Historia ya Hirado, basi, niliipokea kwa lugha ya karakana. Mtawala wa kisiwa alikuwa "mwenye karakana". Mkuu wa nyumba ya Waholanzi akawa "msimamizi wa zamu". Shoguni, aliyekaa Edo akiishika Japani nzima, akawa "makao makuu". Wamishonari walikuwa "mafundi wa dini wasio na kibali". Nilicheka, kisha kadiri mzee alivyoendelea nikaona kijana hajakosea sana.

Tulianza na Wareno. Mwaka 1561, Mreno na Mjapani walishindwa kukubaliana bei ya kitambaa mbele ya hekalu moja la mjini. Maneno yakawa ngumi, ngumi zikawa panga, na mwishowe nahodha Fernão de Sousa na wenzake kadhaa walikuwa maiti.

"Mjomba, kulitokea mgogoro wa ankara," alifasiri mpwa.

Migogoro ya ankara nimeshiriki mingi Kilindini. Panga sikuziona, ingawa kuna mwaka wa shehena ya mchele zilikuwa karibu. Wareno wakahamisha meli zao, bandari hii na ile, mpaka wakakita Nagasaki mwaka 1571.

Mzee akafungua faili, akatoa picha ya skrini ya kukunja ya enzi zile. Wareno wenye suruali zilizovimba wanashuka melini, na nyuma yao wanaume weusi wanabeba mizigo na miavuli ya mabwana. Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akautazama mwavuli wangu. Akairudia picha. Kisha akasema kwa heshima, "Yasuke," nami nikainamisha kichwa kama mfiwa. Yasuke alifika Japani mwaka 1579 pamoja na Mjesuiti Alessandro Valignano. Kitabu cha Mjesuiti mwingine, François Solier, cha mwaka 1627, kinasema alitoka Msumbiji, na Kisiwa cha Msumbiji ndicho meli za Wareno zilichokipitia. Mwaka 1581 alipelekwa mbele ya Oda Nobunaga, mbabe wa vita mwenye nguvu kuliko wote wakati ule, ambaye hakuamini rangi ile akaamuru asuguliwe kwa maji. Maji yakashindwa. Nobunaga akamchukua kazini, akampa nyumba na upanga. Katika wageni wote niliosimuliwa siku ile, huyo ndiye pekee aliyepata ajira bila kuleta hata bale moja la kitambaa.

Waingereza ndio walionifurahisha zaidi, labda kwa sababu shuleni tulisomeshwa kwamba hawakosei. John Saris aliingia Hirado Juni 1613 na meli iitwayo Clove, yaani Karafuu. Mpwa wangu, ambaye nyanya yake upande wa baba ni Mpemba, alijitutumua mpaka nikalazimika kumkumbusha kwamba enzi hizo karafuu ilitoka Maluku, na Pemba haikuwa na hata mche. Saris alitegemea kuuza kitambaa kizito cha sufu ya Kiingereza. Wajapani wakamuuliza swali ambalo muuza leso yeyote wa Biashara Street angeliuliza: mbona nyinyi wenyewe hamkivai? Wakubwa wenu wamevaa hariri, wadogo wamevaa vitu hafifu, na sufu mnatuletea sisi? Saris mwenyewe ndiye aliyeliandika hilo, jambo ninaloliheshimu. Mawakala wengi niliowajua wangelificha.

Halafu kuna habari ya picha. Chumbani mwake melini Saris alikuwa ametundika picha kubwa ya Zuhura, yule mungu mke wa Warumi, pamoja na mwanawe, nguo zikiwa chache. Wanawake wa mjini walikuja kuitembelea meli, na miongoni mwao walikuwamo waliobatizwa na Wareno. Wakaona mama na mtoto. Wakapiga magoti, wakaisujudia, wakidhani ni Bikira Maria. Mzee wetu alisimulia haya kwa uso mkavu kabisa. Mpwa ndiye aliyepata taabu. Nilimwona anatafuta neno la uchi ambalo kijana aliyelelewa vizuri anaweza kumtamkia mjomba wake. Mwishowe akakohoa.

"Mjomba, ilikuwa picha isiyo na kifuniko cha usalama."

Rubani William Adams alikuwa amewatangulia Waingereza wenzake hao. Yeye ni Mwingereza aliyeletwa na meli ya Kiholanzi, Liefde, mwaka 1600, wenzake wengi wakiwa wamekufa njiani. Tokugawa Ieyasu, aliyekuja kuwa shoguni, alimpenda, akampa ardhi, cheo na jina la Miura Anjin, na kwa miaka mingi akamnyima kitu kimoja tu, ruhusa ya kurudi kwao. Ruhusa ilipopatikana mwaka 1613, hakuondoka. Alikuwa na mke Uingereza na mke Japani, na Saris, ambaye hawakuivana, alimwona amekuwa Mjapani kupita kiasi. Adams alifia hapa Hirado mwaka 1620, na wosia wake ukaigawa mali nusu kwa nusu: familia ya kule na familia ya huku. Yeyote aliyewahi kukaa kikao cha mirathi Mombasa anajua kwamba kwa kitendo hicho peke yake mtu anastahili kujengewa ziara. Mwaka 2020 wataalamu waliopima mifupa iliyofukuliwa Hirado walitangaza kwamba yaelekea ni yake.

Aliyebaki kuiangalia nyumba ya Waingereza ni Richard Cocks, mtu wa shajara na bustani. Mwaka 1615 alipanda viazi vitamu vilivyoletwa kutoka visiwa vya Ryukyu. Sufu ikagoma, viazi vikakubali. Nyumba ikafungwa 1623 kwa hasara, na Cocks akafa baharini mwaka uliofuata akiwa njiani kurudi kwa waajiri wake. Nimewajua mameneja ambao, juma la kuja wakaguzi wa hesabu, wangemwonea wivu.

Mpaka hapo mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi na mzee hajafika kwenye jambo lenyewe, yaani ghala.

Waholanzi, tofauti na wenzao, walikuja kwa biashara tupu. Hawakuleta mapadri. Walileta hariri mbichi ya Uchina, ngozi za paa na sukari. Wakaondoka na fedha ya Kijapani. Na walijua kutii. Wakulima wa Shimabara, wengi wao Wakristo, walipoasi mwaka 1637 na kujifungia katika ngome ya Hara, Waholanzi waliombwa msaada, wakapeleka meli ikawapiga mizinga Wakristo wenzao kwa ajili ya shoguni. Mwaka 1639 Wareno wakafukuzwa nchini moja kwa moja. Waholanzi wakajiona wamebaki peke yao sokoni, wakajenga ghala kubwa la mawe, na kwenye paji lake, kwa furaha ya mtu anayemaliza nyumba, wakaandika mwaka: 1639.

Ulikuwa ni mwaka unaohesabiwa kutoka kuzaliwa kwa Kristo. Katika nchi iliyoupiga marufuku Ukristo kwa damu.

Novemba 1640 akaja mkaguzi wa shoguni, Inoue Masashige. Akasoma ule mwaka. Akaamuru majengo yote yenye alama ile yabomolewe. Mkuu wa Waholanzi wakati huo alikuwa François Caron, mtu aliyefika Hirado mwaka 1619 kama msaidizi wa mpishi melini, akajifunza Kijapani, akaoa huko, akapanda cheo. Angeweza kubisha. Angeweza kuomba barua rasmi, nakala tatu, muhuri. Inasimuliwa kwamba wenye panga walikuwa wamekwisha kuwekwa tayari wakisubiri neno lake la kwanza la upinzani. Caron akajibu kwamba yote yaliyoamriwa yatatekelezwa, akawaita watu wake, wakaanza kubomoa.

"Makao makuu walikataa lebo," alisema mpwa, na safari hii hata yeye hakucheka.

Mimi nilikaa kwenye benchi. Nimezaliwa karibu na Fort Jesus. Tulipelekwa na shule, tukapanda mizinga, tukaonyeshwa kuta ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593 na kujificha ndani yake mpaka Waomani walipoichukua ngome mwaka 1698 baada ya kuizingira zaidi ya miaka miwili. Utotoni nilichukulia kwamba hiyo ndiyo desturi ya Mzungu akifika pwani ya mtu: anajenga, anaelekeza mizinga mjini, kisha unahitaji miaka mia na jeshi la watu wengine kumtoa. Sikuwahi kufikiri kwamba pahali pengine duniani, enzi ile ile, mwenye nyumba alikuwa yumo ndani, macho wazi, na mpangaji alipotundika kibao asichokitaka akaambiwa akishushe pamoja na ukuta. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Caron alipewa jembe, na hakuwa na la kulima ila jengo lake.

Nilitaka kufurahi. Nusu yangu ilifurahi. Lakini mzee alikuwa na faili, na katika faili mlikuwa na nakala ya mchoro wa Jacob Coeman wa mwaka 1665, ulioko Rijksmuseum, Amsterdam: tajiri wa Kiholanzi wa Batavia (Jakarta ya leo), binti zake wawili, na mkewe Cornelia van Nijenroode. Cornelia alizaliwa hapa Hirado mwaka 1629, baba Mholanzi, mama Mjapani, akapelekwa Batavia angali mtoto. Wengine wa damu mchanganyiko walifukuzwa kwa amri mwaka 1639, na barua walizowaandikia jamaa zao kutoka kule zimehifadhiwa kisiwani mpaka leo. Jembe likishapewa mgeni halichagui anachokigusa. Mzee alifunga ukurasa ule haraka kidogo kuliko kurasa nyingine, nami sikumwuliza kitu.

Mwaka 1641 Waholanzi walihamishiwa Dejima, kisiwa kidogo cha kutengenezwa kwa mikono, chenye umbo la kipepeo cha mkono, kilichojengwa kwenye bandari ya Nagasaki kwa ajili ya kuwafungia Wareno. Wakakaa humo zaidi ya miaka mia mbili, wakilipa kodi ya pango kwa wafanyabiashara wa mjini, wakivuka daraja kwa kibali tu. Na kwa muda mrefu, kila mwaka mkuu wao alisafiri hadi Edo kwenda kumsujudia shoguni. Daktari Mjerumani aliyewatumikia, Engelbert Kaempfer, alikwenda mwaka 1691. Shoguni Tsunayoshi, akiwa nyuma ya pazia na wanawake wa nyumba yake, aliwataka wageni wasimame, watembee, wavue majoho, waigize walevi, waseme Kijapani, wacheze dansi. Kaempfer akaimba wimbo wa mapenzi wa kwao. Watu wa kampuni kubwa kuliko zote duniani, wenye meli na mizinga, wakiruka ruka kwenye mkeka ili biashara iendelee mwaka mwingine.

Hapo ndipo mzee aliponigeukia, akaniuliza kupitia mpwa kama nami najua Kijapani.

Najua alikuwa anatimiza adabu tu. Lakini nilikuwa nimesimama mbele yake katika soksi zenye unyevu, paji la uso limevimba, na nikaona siwezi kuwa mgeni duni kuliko Kaempfer. Nikanyoosha mgongo. Nikalainisha sauti mpaka ikafikia ile ya asubuhi za Mombasa.

"ETC kādo ga sōnyū sarete imasen."

Mzee akaganda. Akajipapasa mifuko. Msichana wa tikiti akainama chini ya meza yake akakagua mashine ya kadi. Kwa muda mfupi watu wawili waungwana wa Hirado walikuwa wanatafuta, kwa bidii ya kweli, kadi ambayo haijaingizwa. Kisha mpwa wangu, huku akilia machozi, akaeleza habari ya Probox, na kicheko kilichofuata sidhani ghala lile lilikuwa limekisikia tangu lifunguliwe. Mzee akaomba nirudie. Msichana akaenda kumwita mwenzake wa ofisi ya nyuma. Nikarudia. Akaitwa hata fundi wa umeme aliyekuwa juu ya ngazi. Nikarudia, safari hii na ishara za mikono.

"Mjomba," mpwa alininong'oneza, "wanauliza kama gari linasema na lugha nyingine."

Tulitoka hapo saa tisa alasiri na njaa. Karibu na kituo cha basi kuna duka dogo la vitamu, na mama wa duka, ambaye kwa makisio yangu alikuwa amevuka sabini, alituketisha tukiwa tunadondosha maji. Alituletea kasudosu, urithi wa Wareno uliobaki Hirado baada ya Wareno: kipande cha keki laini kinachochovywa kwenye kiini cha yai, kikapitishwa kwenye shira ya moto, kikagaragazwa kwenye sukari. Zamani ilikuwa tunu ya meza ya akina Matsura. Ni binamu ya kaimati aliyeolewa katika ukoo tajiri. Nilikula kipande cha kwanza kwa udadisi na vilivyofuata kwa sababu zisizohusiana na historia.

Wazee wengine walikuwa mle wakinywa chai. Wakauliza tumetoka wapi. Mpwa akasema Kenya, na duka zima likapata uhai.

"Kenia! Marason!"

Wajapani hawakutoa hilo hewani. Douglas Wakiihuri aliishi na kufanya mazoezi Japani alipokuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1987. Samuel Wanjiru alisoma sekondari Sendai kabla ya dhahabu yake ya Beijing 2008. Na vyuo na makampuni ya huku yana wakimbiaji wetu mpaka leo. Ila hao wote ni watu wa bara, wa milimani. Sisi wa pwani kukimbia kwetu ni habari mbaya, mtu akikimbia Mji wa Kale watu humuuliza nani amekufa. Nilimwambia mpwa awaeleze hivyo. Akawaeleza kwa Kijapani chake cha karakana, wakanitazama tumbo kwa heshima mpya, na baadaye nikajua amewaambia kwamba mimi ni injini ya zamani ambayo imesimamishwa kwa ajili ya matengenezo.

Basi likaingia upande wa pili wa uwanja.

"Mjomba, ndilo letu! Linalofuata ni baada ya saa nzima!" Akachomoka, miaka ishirini na mbili, hana begi. Mimi nilikuwa na begi, mfuko wa kasudosu za dada, na viatu ambavyo kamba zake zilikuwa zimeregea kwa kuvuliwa na kuvaliwa tangu alfajiri. Nikainuka. Nikaanza. Nyuma yangu nikasikia viti vinasogezwa, mlango unafunguliwa, na wazee wote wametoka barazani wanapiga makofi kwa mdundo mmoja. "Ganbare! Ganbare!" Mtu wa pwani, nambari 46, kilo ambazo hazimhusu msomaji, nikaukata uwanja ule nikirusha maji pande zote mbili.

Dereva aliniona kwenye kioo chake. Najua aliniona, kwa sababu aliniinamia. Kisha akafunga mlango akaondoka, maana dakika iliyoandikwa kwenye ratiba ilikuwa imefika, na ratiba haijui bingwa wala mstaafu. Mpwa wangu alikuwa ndani, uso kwenye dirisha, mikono miwili kichwani.

Nilisimama katikati ya uwanja nikitweta, mikono magotini. Makofi yakaendelea. Halafu nikasikia nyayo nyepesi, za haraka, zinakuja kutoka dukani. Mama wa duka alinifikia akiwa bado amevaa aproni na ndara, hajatweta hata kidogo, ameshika mwavuli wangu niliousahau chini ya meza. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akainama.

"Marason," akasema, kwa upole mwingi.